Jamaa na Mlango wa Chuo cha Udaktari



Tumepewa kurasa chache katika kitabu hiki cha kumbukumbu, nasi tumeona vyema kuzitumia kwa jambo ambalo wazazi wengi hulizungumza barazani kila mwaka matokeo ya mtihani wa kidato cha sita yanapotangazwa. Mzazi husema: mtoto wangu amefaulu, naye ataka kuwa daktari, lakini mimi sina mtu. Neno hilo ni zito. Wapo ambao kwa neno hilo hukata tamaa kabla ya kujaribu, na wapo wauzao ng'ombe ili wamtafute huyo "mtu" wasiyemjua. Basi yafaa tuiulize historia: je, undugu humsaidia mtu kuingia katika chuo cha udaktari? Na ikiwa humsaidia, humsaidia kwa njia gani?

Hapo kale jibu lilikuwa wazi, kwa sababu tiba ilikuwa mali ya ukoo. Kwetu mganga wa miti shamba alimwachia mkoba wake mtoto aliyefuatana naye porini. Hata katika miji mikubwa ya Waislamu mambo yalikuwa karibu na hayo. Ukoo wa Bukhtishu uliwatibu makhalifa wa Baghdad kizazi baada ya kizazi, na huko Andalusia ukoo wa Zuhr ulitoa matabibu mashuhuri, baba, mwana na mjukuu. Wala hapana aibu katika hayo, maana mtoto aliyelelewa penye dawa huijua dawa mapema.

Walakini ilitokea katika mwaka wa 319 wa Hijria, yaani 931 Miladia, kwamba mgonjwa mmoja alikufa mjini Baghdad kwa kosa la tabibu. Khalifa al-Muqtadir akaamuru mtu yeyote asitibu watu mpaka apimwe na Sinan bin Thabit. Huyu Sinan mwenyewe alikuwa mwana wa Thabit bin Qurra, mwanachuoni mkubwa, hata hivyo yeye ndiye aliyewekwa kuwapima wenziwe. Wanahistoria wa tiba wameandika kwamba waliofika mbele yake walizidi 860.

Husimuliwa kwamba miongoni mwao alikuja mzee mmoja mwenye haiba na mavazi mazuri. Sinan alipotaka kumwuliza, mzee akamtolea dinari na kukiri kwamba hajui kusoma wala kuandika, lakini ana watoto wa kulisha. Sinan akamwachia kazi yake kwa sharti kwamba asiguse ugonjwa asioujua, asiumike mtu, wala asitoe dawa kali. Kesho yake akaja kijana. Alipoulizwa amesoma kwa nani, alijibu kwamba amesoma kwa baba yake, na baba huyo alikuwa yule yule mzee wa jana. Sinan akamwachia naye kwa sharti lile lile.

Kisa hiki huchekesha, lakini kina mafundisho mawili. La kwanza ni kwamba mtihani uliwekwa kwa ajili ya mgonjwa. Haukuwekwa ili kumtukuza tabibu wala kumnyima mtu riziki. La pili ni kwamba hata siku ile jina la baba lilimfaa mtoto, na wale waliokuwa katika utumishi wa Sultani, pamoja na waliokwisha kujulikana kwa sifa zao, hawakupimwa kabisa. Tangu hapo mambo haya mawili, mtihani na jina la baba, yamekuwa yakishindana.

Sasa na tuje kwetu Uganda. Daktari Albert Cook wa misheni ya Kiingereza alifungua hospitali ya Mengo mwaka 1897. Hospitali ya Mulago ilianza mwaka 1913. Makerere ilianzishwa mwaka 1922 kama skuli ya ufundi yenye wanafunzi 14, na mafunzo ya udaktari yakaanza mwaka 1924. Kwa muda wa miaka karibu 40 hapakuwa na mahali pengine katika Afrika ya Mashariki palipomfundisha Mwafrika udaktari kamili. Aliyetoka Unguja, Mombasa au Tanganyika hakuwa na budi kuja kilimani Makerere.

Lakini ni nani aliyefika Makerere? Aliyefika ni yule aliyepita katika skuli za juu, na skuli za juu zilikuwa mikononi mwa misheni. Namilyango ilifunguliwa mwaka 1902, na Budo mwaka 1906, na zote mbili zilikusudiwa kwanza kwa ajili ya wana wa machifu. Skuli ambayo leo yaitwa Mwiri, huko Busoga, ilianza mwaka 1911 kwa jina la Balangira, maana yake wana wa wafalme. Basi hapana aliyelazimika kumwandikia mkuu wa Makerere barua ya kumwombea mpwa wake. Undugu ulikuwa umekwisha kufanya kazi yake miaka kumi nyuma, pale mtoto alipopokelewa katika skuli ya chini kwa sababu baba yake ni chifu na dini yake ni ile ya skuli. Mtihani wa Makerere uliwapima walioufikia tu.

Waislamu walikuwa nje ya njia hiyo. Uislamu ulitangulia kufika Buganda, kwani wafanyabiashara wa pwani walikuwapo katika baraza ya Kabaka Suna tangu miaka ya 1840. Lakini baada ya vita vya dini vya mwisho wa karne ile, na baada ya Mkataba wa mwaka 1900, vyeo vingi vilikwenda kwa Wakristo, na skuli zikaenda pamoja na vyeo. Mzazi Mwislamu aliogopa kumpeleka mtoto katika skuli ya misheni asije akarudi na jina jipya. Hatuwalaumu wazee wetu, kwani hofu yao ilikuwa na sababu. Lakini matokeo yake ni kwamba watoto wetu wengi walikuwa wachinjaji, madereva na wachuuzi, na wachache mno waliingia katika udaktari.

Sisi wa Masafu tulikuwa mbali zaidi. Mwaka 1902 Jimbo la Mashariki la Uganda lilikatwa na kutiwa katika himaya ambayo baadaye iliitwa Kenya, na mpaka ukawapitia Wasamia katikati, nusu huku na nusu kule. Tulikuwa mwisho wa nchi mbili.

Hapo ndipo ilipoonekana faida ya undugu wa namna nyingine. Mwana wa mfalme Badru Kakungulu alitoa ardhi ya Kibuli na akasimama mbele ya Waislamu wa Uganda katika kujenga skuli zao. Mwaka 1945 Jumuiya ya Ustawi wa Waislamu wa Afrika ya Mashariki iliundwa kwa hima ya Aga Khan, nayo ikasaidia misikiti na skuli katika nchi zetu zote. Watu hawa hawakuwa ami wala mjomba wa mtoto wa Masafu. Walikuwa jamaa zake kwa sababu walijifanya jamaa zake.

Baada ya uhuru wa mwaka 1962 serikali ilitwaa usimamizi wa skuli, na mlango ukapanuka kwa watoto wa dini zote. Vyuo navyo vikaongezeka. Mbarara ilianza mwaka 1989. Chuo Kikuu cha Kiislamu kilifunguliwa Mbale mwaka 1988, na baadaye kikawa na skuli yake ya udaktari huko Kibuli. Chuo Kikuu cha Busitema, ambacho makao yake yamo katika wilaya yetu hii ya Busia, kilianzishwa mwaka 2007, na mwaka 2013 kikaanza kufundisha udaktari mjini Mbale. Yaliyokuwa safari ya siku nyingi kwa babu, kwa mjukuu ni safari ya asubuhi moja.

Na kuingia kwake huwa kwa hesabu. Alama za kidato cha sita hupimwa kwa uzito wa kila somo, na masomo ya lazima kwa kazi ile hupewa uzito mkubwa. Tangu mwaka 1990 wasichana huongezewa alama moja na nusu. Katika hesabu hiyo hamna mahali pa kuandika jina la mjomba. Kwa hiyo mtu akikujia na kudai kwamba anaye "mtu" chuoni, naye ataka fedha, mwambie akuonyeshe mahali hapo.

Je, undugu umekwisha? La, haukwisha. Umebaki katika sehemu mbili.

Sehemu ya kwanza ni ya wilaya. Serikali iliona kwamba skuli za karibu na Kampala zilitwaa nafasi nyingi za ufadhili, ikatenga sehemu kwa ajili ya wilaya. Kwa miaka mingi, katika nafasi 4,000 za ufadhili, 896 ziligawiwa kwa njia hiyo. Nia yake ni njema. Lakini nafasi hiyo hufuata asili ya mtoto, na hapo undugu huingia tena. Malalamiko yamesikika mara nyingi kwamba watoto waliosomeshwa katika skuli bora za mjini huitwa wenyeji wa wilaya za mbali kwa sababu tu babu alizaliwa huko, au kwa ushahidi usio wa kweli. Basi jamaa akitoka mjini akamwomba mzee wetu amshuhudie mwanawe kwamba ni mtoto wa Masafu, na si kweli, mzee akumbuke kwamba tumeamrishwa kusimama na haki hata ikiwa ni juu ya nafsi zetu, wazazi wetu na jamaa zetu. Ushahidi ule humnyang'anya mtoto aliyesoma hapa kwa taa ya mafuta, ambaye hata hatajua ni nani aliyemnyang'anya.

Sehemu ya pili ni ya kujua. Mtoto wa daktari hujua tangu mapema kwamba asiyechukua bayolojia na kemia katika kidato cha tano amekwisha kujifungia mlango wa udaktari. Hujua fomu hutoka lini na siku ya mwisho ni ipi. Hujua namna ya kupanga machaguo yake, la kwanza, la pili na la tatu. Hujua, kwa kuwa ameona, kwamba daktari huamka usiku. Hayo si rushwa wala si dhambi, lakini ni msaada mkubwa, na mtoto wa mkulima hana. Wangapi kati ya watoto wetu walishindwa kwa fomu iliyochelewa, au kwa somo walilolichagua bila mtu wa kuwaonya?

Jambo hili la pili laweza kugawanywa, na mwenyewe asipungukiwe. Hospitali ya Masafu iko papa hapa, na wamo ndani yake madaktari na wauguzi waliopita njia hiyo. Chama chetu kiwaombe wazungumze na watoto wa kidato cha nne kabla hawajachagua masomo. Siku za fomu zibandikwe mlangoni mwa msikiti. Mwalimu mmoja akubali kuzitazama fomu za watoto wote, mwenye baba na yatima, msichana na mvulana, Mwislamu na jirani asiye Mwislamu, kwani hospitali haiulizi dini ya mgonjwa.

Hapo mzazi atakapokuja barazani na kusema kwamba hana mtu, sisi tutaweza kumjibu kwamba anao.

Mwenyezi Mungu atuwafikishe. Amin.