Kwa nini boksi la pikipiki hulia: kutoka reli ya Magadi hadi kwa Junker

Haya jamani, leo tuweke kompyuta kando kidogo.

Mnaoteremka Magadi kwa pikipiki mnaijua ile kelele nyuma ya kiti: nga-nga-nga. Ni boksi la mizigo, lile la kubandika na kubandua. Unatoka Kitengela, unapita Isinya hadi Kiserian, kimya. Ukianza kuteremka kuelekea Olorgesailie, linaanza kulia. Unakaza bolti. Kesho linalia tena. Kwa nini? Jibu limo kwenye historia.

Kampuni ya Magadi Soda iliundwa mwaka 1911, na reli kutoka Konza kupitia Kajiado ikamalizika 1915. Reli za enzi hizo zilikuwa vipande vilivyounganishwa kwa bolti, na mafundi waliacha mwanya kila kiungo makusudi, maana chuma hutanuka kwa joto. Mwanya huo ndio uliompa gari moshi ule mlio wake maarufu. Haikuwa kazi mbovu. Mwanya ulihitajika, na mlio ulikuwa gharama yake.

Boksi lako ni vivyo hivyo. Linganisha na boda boda. Kazi hiyo ilianzia Busia kwa baiskeli miaka ya 1960, kisha pikipiki zikajaa baada ya serikali kuondoa VAT mwaka 2008 kwa zile za chini ya sisi 250. Keria zao huchomelewa na mafundi wa jua kali na kufungwa moja kwa moja. Hazitoki, basi hazigongani. Boksi la msafiri ni lazima litoke, na ili litoke ndoano na kitako chake lazima viachiane nafasi. Sisi waandishi wa programu tunasifu sana sehemu zisizoshikana. Kwenye chuma, zisiposhikana zinalia.

Kelele yenyewe si neno. Hatari ni kinachofuata. Utafiti wa awali ulitazama zaidi bolti inayovutwa kwa urefu wake. Mwaka 1969 Mjerumani Gerhard Junker akaonyesha kwamba adui mkubwa ni mwendo wa pembeni. Vipande viwili vikiteleza huku na huku, msuguano unaoshikilia nati hupotea, na nati hujifungua yenyewe hata kama uliikaza vizuri. Ndiyo maana spana peke yake haitoshi: boksi likiendelea kucheza, bolti zitalegea tena, na siku moja maji yako ya kunywa yatabaki barabarani kwenye jua la Magadi.

Kwa hiyo anza na mwanya. Kata vipande vya tyubu kuukuu, uviweke kati ya boksi na kitako hadi ulazimike kulikandamiza kidogo ndipo kufuli lishike. Kisha safisha bolti na utie gundi ya kufungia nati. Gundi hiyo tunamshukuru Vernon Krieble, profesa wa kemia wa Trinity College kule Hartford, Marekani, aliyeivumbua mwaka 1953: hukauka ikikosa hewa kati ya chuma na chuma. Mwisho chora mstari wa rangi kutoka nati hadi kwenye keria. Mstari ukikatika, nati imezunguka.

Ukirudi, osha. Magadi yenye unyevu hula alumini na zinki.

Safari njema!