Ramani ya Lubumbashi inasahihishwa na nani? Historia ya majina ya mji, kutoka Elisabethville mpaka Annexe

LUBUMBASHI – Komini Annexe inazunguka komini zingine 6 za mji huu. Mgonjwa kutoka huko akifika kwenye kituo cha afya, ataulizwa kwanza: unaishi wapi? Jibu lake litamsaidia muuguzi ikiwa jina la kartye linajulikana na limeandikwa mahali. Kwa familia zilizokimbia makwao na kuhamia pembezoni mwa mji, swali hilo ni gumu mara mbili, kwa sababu jina la mahali walipo ni geni kwao pia.

Tangu mwanzo, ramani za mji huu zilichorwa na watu wenye shughuli zao. Wabelgiji waliuanzisha mwaka 1910 na kuuita Elisabethville, jina la malkia wao. Walipima vizuri mji wa wazungu, migodi na reli. Cité ya Waafrika waliitenga kwa eneo lililoachwa wazi katikati. Mwaka 1966 jina likageuka kuwa Lubumbashi. Mwaka 1971 Katanga ikaitwa Shaba, na mwaka 1997 ikarudi kuwa Katanga. Mwaka 2015 jimbo likagawanywa, ndipo tukapata Haut-Katanga. Kila mara karatasi za zamani zilibaki na majina ya zamani.

Wakaaji nao waliandika. Mwaka 1965 kundi la waliokuwa wafanyakazi wa nyumbani, kwa mkono wa André Yav, walitoa historia ya Elisabethville kwa Kiswahili cha hapa, ikachapwa kwa mashine ya kurudufisha. Miaka mingi baadaye mtafiti Johannes Fabian alitaka kuichapisha kama kitabu, lakini maandishi yalikuwa magumu kusomeka: maneno yaliungana, na nukta hazikuwa mahali pake. Ilibidi Kalundi Mango, aliyekijua Kiswahili cha Lubumbashi tangu utoto, ayasome kwa sauti ndipo maana itokee. Kitabu kilitoka mwaka 1990. Bila sikio la mtu wa hapa, karatasi ile ingeendelea kuwa bubu.

Jambo hilohilo lilirudi katika zama za komputa. Mwaka 2004 Mwingereza Steve Coast alianzisha OpenStreetMap, ramani ya dunia ambayo kila mtu anaweza kuitumia na kuichora bila kulipa. Programu zake nyingi pia ziko wazi: mwenye ujuzi husoma zilivyoandikwa na kuzirekebisha. Lakini wachoraji maelfu wasiojuana wanahitaji kitabu kimoja cha maelezo, kinachosema njia inaitwaje, kisima kinawekewa alama gani, jina la zamani linaandikwa wapi. Kitabu hicho ni wiki, na chenyewe kinasahihishwa na yeyote.

Lubumbashi iliingia katika habari hii mwaka 2014. Mwaka huo Madaktari Wasio na Mipaka, Msalaba Mwekundu wa Marekani, ule wa Uingereza, na kundi la HOT la OpenStreetMap walianzisha mradi wa Missing Maps, kuchora mahali palipokosa ramani kabla ya balaa kufika. Mji wetu ulikuwa kati ya miji ya kwanza. Sababu moja ilikuwa kipindupindu, yaani kolera. Mwaka 1854 daktari John Snow aliweka nyumba za waliokufa kwa kolera kwenye ramani ya mtaa wa London, akaona zimezunguka pampu moja ya maji. Hesabu ya wagonjwa bila mahali haiwezi kuonyesha pampu.

Kazi iligawanywa. Wachoraji waliokaa London na miji mingine walifuata picha za setilaiti na kuchora barabara na mapaa. Picha, hata iwe safi namna gani, haionyeshi jina. Majina yalihitaji watu wa Lubumbashi wenyewe, wapite kwa miguu na karatasi za ramani mkononi, waulize wenyeji na kuandika.

Kitabu cha maelezo nacho kilikuwa na kasoro zake. Aina za barabara zilitoka Uingereza. Kule neno "unclassified" ni daraja halisi: barabara ndogo ya umma. Mgeni wa mfumo hulisoma kama "barabara isiyojulikana aina yake", akaliweka popote. Wiki ikaongezwa onyo, na neno tofauti kwa njia isiyojulikana bado. Tena, mchoraji aliyezoea lami aliweza kuidharau barabara ya udongo ambayo ndiyo pekee inayofikisha dawa kijijini. Ukaandikwa ukurasa maalum kwa Afrika: barabara ipewe daraja kwa kazi inayofanya kati ya miji na vijiji, na hali ya udongo au lami iandikwe pembeni. Sentensi chache zinaweza kugeuza namna njia za nchi nzima zinavyosomwa.

Kuhusu majina, kanuni ya wiki ni kufuata yanayotumika mahali penyewe. Jina la pili lina nafasi yake, na la zamani pia, kwa hiyo Elisabethville haihitaji kufutwa ili Lubumbashi iandikwe. Kijiji kilichoachwa na watu wake kinaweza pia kubaki kwenye ramani na jina lake. Majina ya watu binafsi hayaandikwi kwenye nyumba zao. Kwa aliyekimbia, huo ni ulinzi. Na kila badiliko huhifadhiwa na tarehe yake, ili kosa liweze kurudishwa nyuma.

Lakini ramani ya 2014 inazeeka. Annexe inaendelea kujengwa: kartye mpya zinapata majina midomoni mwa watu, visima vinachimbwa, vingine vinakauka. Alama ya kisima kilichokauka inaweza kumpeleka mama na kidumu chake mahali pasipo maji. Mchoraji wa mbali hataliona hilo. Atakayeliona ni anayechota pale. Kufungua akaunti ni bure, na asiye na simu ya kufaa anaweza kumwambia kijana wa jirani: hapa panaitwa hivi, na kisima hiki hakitoi tena maji.