Sauti Iliyolelewa Katika Ngoma

Ziko karama ambazo watu hudhani mtu huzaliwa nazo, na mojawapo ni ujasiri wa kusimama mbele ya watu na kunena. Sisi walimu tumewaona wengi ambao nyumbani huzungumza vema, lakini wakiitwa barazani ndimi zao huwa nzito. Habari za mji wetu wa Dar es Salaam zatufundisha ya kuwa ujasiri huo hulelewa, tena hulelewa katika chama.

Bibi Titi Mohamed alizaliwa mjini humu mwaka 1926, katika nyumba ya Kiislamu. Masomo yake ya shule yalikuwa machache. Walakini alikuwa na shule ya namna nyingine, nayo ni chama cha ngoma kilichoitwa Bomba, ambamo yeye aliongoza nyimbo. Siku zile wanawake wa pwani walikuwa na vyama vingi vya jinsi hiyo, kama vile vya lelemama, vyenye viongozi, michango na sare. Basi, mwenye kuongoza wimbo hana budi kutoa sauti kwanza, peke yake, macho ya watu wote yakimtazama. Naye ajua kwamba wenzake wataitikia. Akikosea leo, kesho huimba tena. Hivyo hofu humtoka kidogo kidogo, hata asijue ni siku gani imemwacha.

Chama cha TANU kilianzishwa tarehe 7 Julai 1954. Mwaka uliofuata alifika John Hatch, mtu wa chama cha Labour cha Uingereza, akauliza wanawake wa TANU wako wapi. Ndipo likaundwa tawi la wanawake, Bibi Titi akawa mkuu wake, na Tatu binti Mzee akawa katibu. Bibi Titi akawaendea viongozi wa vyama vya ngoma, maana alijua kwamba wao wakikubali, wenzao watawafuata. Katika miezi michache wanawake wapatao 5,000 wakajiandikisha. Tena alizunguka nchi akihutubia makutano ya wanaume na wanawake, jambo ambalo halikuwa desturi siku zile. Nchi ilipata uhuru tarehe 9 Desemba 1961. Na mwaka 1962, Umoja wa Wanawake wa Tanganyika ulipoundwa, yeye alikuwa mwenyekiti wa kwanza.

Miaka ile ya 1950, Magomeni na Temeke zilikuwa zikijengwa pembezoni mwa mji kuwa makazi ya Waafrika. Leo nyumba zimesongamana kutoka Kinondoni hata Mbagala, na vyama havikukoma: viko vikoba, ziko kwaya, ziko jumuiya ndogo ndogo. Walakini mara nyingi wale wale wawili watatu ndio wasemao, na wengine husikiliza tu mpaka wazeeke. Mjane mwenye shauri jema hurudi nalo nyumbani, na hasara ni yetu sote.

Kwa hiyo twawasihi walimu na wazee wa jumuiya: wapeni zamu wanyamavu. Leo mmoja asome taarifa ya michango, juma lijalo mwingine atoe shukrani, na akikwama asichekwe. Bibi Titi aliimba miaka mingi kati ya watu waliomwitikia, kabla hajasimama mbele ya wasiomjua. Nasi tuwe waitikiaji wa namna hiyo.