Soko la Vibwengo na Chano cha Pepo

Katika riwaya za Kiingereza zinazopendwa na vijana wa siku hizi mna namna moja ambayo haifai kupuuzwa na mwalimu wa fasihi. Ni riwaya ya mapenzi ya giza, ambamo msichana huingia katika himaya ya vibwengo na kumpenda, au kulazimika kumpenda, mfalme wao. Mfano mmoja ni *Wintersong* ya S. Jae-Jones, iliyochapishwa Marekani mwaka 2017. Käthe anakula matunda ya vibwengo na kuchukuliwa chini ya ardhi. Dada yake Liesl anamfuata ili kumwokoa, na bei anayodaiwa ni kuolewa na mfalme huyo.

Kisa hiki kina asili yake. Mwaka 1862, huko London, Christina Rossetti alitoa shairi lake refu liitwalo "Goblin Market", yaani soko la vibwengo. Humo vibwengo hupita jioni wakinadi matunda. Laura hana fedha, basi anakata kishungi cha nywele zake na kulipa kwacho. Tangu hapo sauti zao hazisikii tena, na anakonda kwa kutamani. Nduguye Lizzie anawaendea na fedha mkononi, anakataa kula, nao wanampaka usoni maji ya matunda kwa nguvu. Kwa maji hayo Laura anapona. Mambo ya giza hayakuwa mageni katika nyumba ya Rossetti, kwani mjomba wake, John Polidori, ndiye aliyetunga *The Vampyre*, hadithi ya mnyonya damu iliyotolewa mwaka 1819. Baba yake alikuwa mkimbizi kutoka Italia, nchi ambayo baadaye, kuanzia mwaka 1925, ilipewa na Waingereza Kismayo na visiwa vya Wabajuni.

Na huko ndiko tunakotaka kumpeleka msomaji: Kismayo, Koyama, Chovai, Chula, mpaka kukaribia Ras Kiamboni. Je, pwani hii haina soko lake la vibwengo?

Inalo, ila limegeuzwa. Katika mila za uganga za pwani yetu, mtu akishikwa na pepo, mganga humwuliza pepo yule jina lake, kabila lake (kwani wako wa Kiarabu, wa Kisomali, wa Kigala na wa Kihabeshi) na haja yake. Pepo hujibu kwa kinywa cha mwele: nataka halua, nataka asali, ndizi, mayai, marashi, nguo ya rangi fulani. Vitu hupangwa katika chano, ngoma ikapigwa, pepo akapungwa. Vibwengo wa Rossetti huuza matunda. Pepo wetu huyadai, tena huyadai akiwa amekwisha kumshika mtu rehani. Mapenzi nayo yamo. Kila mzaliwa wa pwani amesikia habari za jini aliyempenda binti wa watu, akamwonea wivu mumewe, hata ndoa ikawa haina raha. Masheikh wengi huyakataza mambo ya uganga, na pengine ndiyo sababu husemwa kwa sauti ya chini. Hata kibwengo mfupi tunaye: W. E. Taylor, katika kitabu chake cha mwaka 1891 juu ya Kigiriama, alimtaja Katsumbakazi, ambaye huona haya kwa ufupi wake na kumwuliza mpita njia, "Umeniona wapi kwanza?" Ole wake ajibuye, "Hapa hapa."

Tofauti hii si ndogo kwa mtunzi. Huko Ulaya mwokozi ni dada mmoja, aendaye peke yake usiku. Kwetu jamaa nzima hukutana, gharama zikachangwa, na pepo akafanyiwa suluhu kama mkwe mgumu. Riwaya ya Kibajuni ya namna hii ingekuwa riwaya ya maafikiano, wala si ya kutoroka. Na sisi twaiona kuwa ingekuwa tamu zaidi.

Kwa nini basi haijatoka? Shairi la London lilipigwa chapa, likangoja watunzi wake. Tungo za Wabajuni zilikaa vinywani: vave, ziimbwazo na wakulima usiku wa kuamkia siku ya kuchoma msitu waliofyeka, na kimai za mabaharia. Mtaliani Vinigi Grottanelli alitoa kitabu kikubwa juu ya Wabajuni huko Roma mwaka 1955, lakini kwa Kitaliani. Mwaka 1982 Kevin Donnelly na Yahya Ali Omar waliandika juu ya nyimbo zao za uvuvi. Kisha mwaka 1991 vita vya Somalia viliwatawanya wenyewe. Wengi walivuka kwa majahazi hadi Kenya, wakakaa kambini Jomvu, Mombasa. Waliokuwa watu wazima siku hizo sasa ni wazee.

Na hapo pana jambo linalotuhusu sisi wenye kalamu nyekundu. Kibajuni hutamka *ch* mahali pengi ambapo Kiswahili sanifu kina *t*. Ndiyo maana ramani nyingine huandika Tula na Tovai, na wenyeji wakasema Chula na Chovai. Mwanafunzi Mbajuni akituletea hadithi ya jini aliyoipata kwa bibiye, akaandika *wachu* palipo *watu*, tusimkatie neno hilo. Pepo akiulizwa jina lake visiwani, hajibu kwa Kiswahili sanifu.