Msaada wa Matibabu na wa Kodi kwa Wenye Kipato Kidogo Marekani: Milango ya Halali Kabla ya Deni la Riba

Bismillaahir-Rahmaanir-Rahiym



Ndugu zetu wengi wazungumzaji wa Kiswahili walioko Marekani, wakiwemo waliotoka kambi za Nyarugusu, Dadaab na Kakuma, wanafanya kazi za mshahara mdogo: viwanda vya nyama, maghala, usafi wa hoteli, kuwahudumia wazee majumbani. Mshahara hukatwa kodi kabla haujafika mkononi, na maradhi hayangoji siku ya malipo. Kutokana na hali hiyo maswali mawili hurudi kila mwaka. Je, Muislamu anaruhusiwa kupokea bima ya afya na fedha za kodi zinazotolewa na serikali? Na aliyeelemewa na bili ya hospitali, akope au aombe Zakaah?

Jibu kwa ufupi

Anayestahiki kwa mujibu wa masharti yaliyowekwa anaruhusiwa kupokea, na hapaswi kuona haya. Ni haki iliyowekwa kwa ajili ya watu wa hali yake, na yeye mwenyewe ni mlipa kodi. Sharti ni ukweli. Fomu anayoitia saini ni ahadi, na Suratul Maaidah inafungua kwa amri ya kutimiza ahadi. Ama kuongeza watoto wasiokuwepo au kuficha kipato, hiyo ni kula mali za watu kwa batili, jambo lililokatazwa katika Suratun Nisaa, aya ya 29.

Kuhusu bili, mkopo wa riba si mlango wa kwanza wala wa pili. Kuna milango ya halali ambayo wengi hawaijui, nayo ndiyo tunayoieleza hapa.

Mlango wa kwanza: ritani ya kodi

Wapo wanaodhani kwamba mwenye kipato kidogo hana haja ya kupeleka ritani. Hili ni kosa linalogharimu. Tangu mwaka 1975 sheria ya Marekani ina nafuu ya kodi kwa wafanyakazi wa kipato kidogo, inayojulikana kwa herufi EITC. Ikizidi kodi unayodaiwa, ziada unalipwa wewe. Kwa kipato cha mwaka 2025 kiwango cha juu ni dola 8,046 kwa familia yenye watoto watatu au zaidi, na dola 649 kwa asiye na mtoto. Asiyepeleka ritani hapati kitu. Aliyechelewa ana miaka mitatu ya kudai marejesho yake. Ikipita, fedha hubaki serikalini.

Masharti matatu huwakwaza watu wetu:

1. Muombaji, mume au mke anayejaza naye, na kila mtoto anayedaiwa wawe na namba ya Social Security inayoruhusu kazi.

2. Mtoto awe ameishi nawe ndani ya Marekani zaidi ya nusu ya mwaka. Mtoto aliyebaki kambini au kwa bibi yake Bujumbura, hata kama unamtumia fedha kila mwezi, hahesabiwi katika nafuu hii. Kumtunza kuna ujira wake kwa Allaah, lakini kumwandika kwamba anaishi nawe ni uongo.

3. Ndoa inayohesabiwa ni ile inayotambuliwa na sheria. Waliooana kisheria na wanaishi nyumba moja hawawezi kila mmoja kujiandika kuwa ni mkuu wa kaya asiye na mwenza.

Nani atakujazia bila malipo?

Mpango uitwao VITA umekuwepo tangu mwaka 1969. Watu wa kujitolea waliofundishwa na kufanyiwa mtihani hujaza ritani bure katika maktaba, vyuo, vituo vya jamii na baadhi ya nyumba za ibada. Katika msimu wa 2025 ulihudumia kwa kawaida wenye kipato kisichozidi dola 67,000. Wenye miaka 60 na kuendelea wana mpango wao uitwao TCE. Kujua kituo kilicho karibu, piga 800-906-9887, au piga 211 uelekezwe huduma za mji wako.

Nenda na kitambulisho chenye picha, kadi za Social Security za familia nzima, karatasi ya W-2 kutoka kila mwajiri, ritani ya mwaka uliopita na namba za akaunti ya benki. Mume na mke wanaojaza pamoja waende wote wawili, kwani saini zote mbili zinahitajika. Ukipata barua ya ugomvi kutoka idara ya kodi, IRS, usiitupe. Ziko kliniki za msaada wa kisheria kwa walipa kodi wa kipato kidogo, ziitwazo LITC, ambazo hukutetea bure au kwa ada ndogo.

Mkopo wa marejesho na watoto wa kuazima

Kisheria, marejesho yenye EITC hayatoki kabla ya katikati ya Februari. Hapo ndipo wajazaji wa kulipwa huja na "fedha leo leo", yaani mkopo unaokatwa kwenye marejesho yako yakitoka. Tazama uhalisia wa mkataba, si jina lake. Ukikopeshwa kiasi na kurudisha zaidi, iwe ziada hiyo inaitwa riba au ada ya mkopo, umeingia katika yale yaliyoonywa katika Suratul Baqarah, aya za 275 hadi 279. Subira ya wiki chache ni nyepesi kuliko hilo.

La pili ni mjazaji anayekuahidi marejesho makubwa kuliko ya jirani, kisha anakuongezea mtoto asiye wako au biashara ya kusuka nywele usiyokuwa nayo. Mtume (swalla Allaahu 'alayhi wa sallam) alimkemea muuza chakula aliyeficha nafaka iliyolowa chini ya ile kavu, na Hadiyth hiyo imo katika Swahiyh Muslim. Ritani yenye watoto wa kuazima ni nafaka hiyohiyo. Na hata hapa duniani mzigo unabaki kwako: aliyedai EITC kwa kupuuza kanuni hufungiwa miaka miwili, na aliyefanya udanganyifu hufungiwa miaka kumi. Mjazaji wa kulipwa ni lazima atie saini na aandike namba yake iitwayo PTIN. Akikataa kusaini, chukua karatasi zako uondoke.

Mlango wa pili: bima na vituo vya afya

Medicaid ilianzishwa kwa sheria ya mwaka 1965, na CHIP ya watoto mwaka 1997. Kila jimbo lina kiwango chake. Katika majimbo 40 na mji mkuu Washington, mtu mzima hustahiki Medicaid kipato chake kisipozidi asilimia 138 ya mstari wa umaskini. Texas, Florida na Georgia hazimo katika hayo, lakini hata huko usiache kuwaombea watoto, kwani kiwango chao ni tofauti na cha wazazi. Marejesho ya kodi ya serikali kuu hayahesabiwi kuwa kipato katika Medicaid, basi usiache moja kwa kuogopa kupoteza jingine.

Anayenunua bima kupitia soko la HealthCare.gov kwa msaada wa serikali hupata karatasi ya 1095-A. Asipoitumia kujaza ritani yake anaweza kupoteza msaada wa bima. Hapa kodi na matibabu ni kitu kimoja.

Wakimbizi wazingatie: sheria iliyopitishwa Julai 2025 inawaondoa wengi wao katika Medicaid ya serikali kuu kuanzia tarehe 1 Oktoba 2026, isipokuwa wakipata ukaazi wa kudumu. Aliyetimiza mwaka mmoja nchini aombe kadi ya kijani bila kuchelewa.

Kadi ya Medicaid huhuishwa. Baada ya kinga ya wakati wa korona kuisha mwaka 2023, zaidi ya watu milioni 20 waliondolewa, wengi wao kwa sababu za makaratasi tu: barua ilikwenda anwani ya zamani, au fomu haikurudishwa. Ukihama nyumba, ijulishe ofisi ya Medicaid siku hizohizo.

Asiye na bima kabisa aende kituo cha afya cha jamii kinachopata fedha za serikali kuu. Vituo hivi hutoza kulingana na kipato: aliye chini ya mstari wa umaskini hulipa kidogo sana, na aliye kati ya hapo na maradufu yake hupunguziwa. Waislamu wana mchango wao humu. Mwaka 1996 wanafunzi wa udaktari Waislamu walifungua kliniki ya UMMA kusini mwa Los Angeles, na Chicago shirika la IMAN lina kituo chake cha afya. Wote wawili huhudumia watu wa dini zote.

Bili ya hospitali ikikufikia

Tangu mwaka 1986 hospitali zenye idara ya dharura zinatakiwa kumpima na kumtuliza mgonjwa wa dharura hata kama hana fedha. Bili itakuja baadaye. Ikija, usikimbilie kadi ya mkopo. Hospitali zisizo za faida, ambazo ni nyingi, zinalazimika kuwa na mpango wa kuwasamehe au kuwapunguzia wasio na uwezo, na una siku 240 tangu bili ya kwanza kuomba. Omba fomu ya msaada wa kifedha. Watakutaka slipu za mshahara na, mara nyingi, ritani ya kodi. Aliyejaza ritani yake kwa ukweli anayo hoja mkononi.

Na usimfanye mwanao mkalimani. Hospitali na vituo vinavyopokea fedha za serikali kuu vinatakiwa kukupatia mkalimani bure. Sema tu: "Swahili interpreter." Mtoto wa miaka kumi hapaswi kubeba habari ya uvimbe wa mama yake, wala hajui majina ya dawa.

Wajibu wa kamati za misikiti

Wenye madeni wametajwa miongoni mwa wanaostahiki Zakaah katika Suratut Tawbah, aya ya 60. Hata hivyo tunazinasihi kamati: kabla ya kulipa bili ya mtu, msaidieni kwanza kujaza fomu ya hospitali. Bili ikisamehewa, Zakaah hiyo itamfikia mjane ambaye hana fomu ya kujaza. Mwezi Januari, itangazeni siku ya VITA baada ya Ijumaa, na mtafuteni kijana mmoja wa kuwapeleka wazee kwa gari.

Kanuni hubadilika mwaka hadi mwaka na jimbo hadi jimbo, basi hakikisha kwa ofisi husika kabla ya kutia saini.

Na Allaah ni Mjuzi zaidi.