Makaburi ya Vita na Majina Yasiyochongwa

Sanamu ya Askari iliyo kwenye mzunguko wa Barabara ya Samora, Dar es Salaam, ilizinduliwa mwaka 1927 na serikali ya Waingereza kuwakumbuka Waafrika waliokufa katika Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia. Ni askari wa shaba nyeusi aliyeinama kidogo, bunduki mikononi, singe imeelekea upande wa bandari. Aliyeichonga ni James Alexander Stevenson, ambaye ndiye pia aliyetengeneza sanamu za ukumbusho wa vita hivyo zilizopo Nairobi na Mombasa. Maneno yaliyo kwenye msingi wake, yaliyotungwa na mwandishi Rudyard Kipling, yamewekwa kwa Kiingereza, Kiswahili na herufi za Kiarabu. Wapita njia wengi humpiga picha askari huyu na kuendelea na safari zao. Wachache huzunguka hadi ubavuni mwa msingi, ambako kuna michoro ya shaba: upande mmoja askari wanapigana, na upande mwingine wapagazi wanatembea wamejitwisha mizigo. Jina la mtu hata mmoja halipo.

Kabla ya askari huyo, mahali hapo palikuwa na sanamu nyingine. Mwaka 1909 Wajerumani walimsimamisha hapo Hermann von Wissmann, aliyekuwa gavana na mkuu wa majeshi yao yaliyoivunja nguvu pwani katika vita vya Abushiri. Wissmann alisimama juu, kifua mbele, na chini yake askari Mwafrika akimfunika bendera simba aliyekufa. Waingereza walipouteka mji mwaka 1916 waliing'oa sanamu hiyo wakaipeleka Uingereza, kisha ikarudishwa Ujerumani na kusimamishwa mjini Hamburg mwaka 1922. Wanafunzi wa chuo kikuu cha huko waliiangusha mwishoni mwa miaka ya 1960. Ilikuwa sanamu ya ushindi, na iliondoka na washindi wake. Sanamu ya Askari imepita utawala wa Waingereza, imepita Uhuru, na bado iko, kwa sababu inawahusu watu ambao wajukuu wao wanaishi humu humu nchini.

Vita vyenyewe vilianza Agosti 1914 na kudumu zaidi ya miaka minne. Jenerali Paul von Lettow-Vorbeck aliweka silaha chini huko Abercorn, ambayo sasa ni Mbala nchini Zambia, tarehe 25 Novemba 1918, wiki mbili baada ya mapigano kusimama Ulaya. Katika eneo lote la mapigano, kuanzia Taveta na Tanga hadi Rufiji, Mahiwa na Msumbiji, reli zilikuwa mbili tu za maana na barabara karibu hazikuwepo. Ng'ombe, farasi na punda waliopelekwa vitani waliuawa na ndorobo. Kilichobaki ni kichwa cha binadamu. Risasi, unga, mahema, dawa na hata vipande vya mizinga vilibebwa na wapagazi, na kila askari mmoja aliyekuwa mstari wa mbele alihitaji wapagazi kadhaa nyuma yake.

Waingereza peke yao waliandikisha wapagazi wanaokadiriwa kufikia milioni moja, wengi wao kwa nguvu. Vijiji vilipewa idadi ya vijana wa kutoa, na machifu ndio waliobebeshwa kazi ya kuwakamata. Risasi iliwaua wachache kuliko tumbo la kuhara damu, malaria, homa ya mapafu na njaa. Watu waliozoea ndizi au mtama walipewa unga wa mahindi wakiwa njiani, bila muda wala kuni za kuuivisha, na unga mbichi ukawakata matumbo. Watu wa nyanda za juu walilala kwenye matope ya Rufiji wakati wa masika wakiwa na blanketi moja. Idadi ya wapagazi waliokufa upande wa Waingereza hukadiriwa kuwa zaidi ya 95,000, na wapo wanahistoria wanaoona kwamba ilikuwa kubwa zaidi. Upande wa Wajerumani, ambao pia walikokota maelfu ya wapagazi bila malipo, kumbukumbu karibu hazipo. Kariakoo ya Dar es Salaam na Kariokor ya Nairobi zimebeba jina la kikosi cha wapagazi wa Waingereza, Carrier Corps, na huo ndio ukumbusho wao unaotajwa mara nyingi kuliko wote, ingawa wengi wanaoutaja kila siku wanawaza soko.

Wakati wapagazi hao wakizikwa pembeni mwa njia, huko London ilianzishwa taasisi ya kushughulikia makaburi ya wanajeshi wa dola nzima ya Uingereza. Tume ya Kifalme ya Makaburi ya Vita iliundwa kwa hati ya mfalme tarehe 21 Mei 1917, kwa juhudi za Fabian Ware. Katika vita vya zamani jenerali alijengewa mnara naye askari wa kawaida akafukiwa katika shimo la wengi. Tume ikaweka kanuni mpya: kila aliyekufa atajwe kwa jina, ama juu ya kaburi lake ama kwenye ukuta wa ukumbusho, mawe yawe ya namna moja bila kujali cheo, dini wala mali, na maiti wasirudishwe makwao, ili mtoto wa tajiri asipate kilichokosekana kwa mtoto wa maskini. Ndiyo sababu makaburi ya tume hiyo hufanana kila mahali duniani: safu zilizonyooka, jiwe la kapteni sawa na la mpishi wake, nyasi zimekatwa.

Katika Afrika Mashariki kanuni hiyo iliishia kwenye rangi ya ngozi. Maofisa wa tume na watawala wa makoloni walikubaliana kwamba Waafrika wasiwekewe mawe yenye majina, kwa hoja kwamba hawakuwa wamefikia hatua ya ustaarabu ya kuthamini kitu cha aina hiyo. Makaburi ya wapagazi yaliyokuwa yanajulikana yaliachwa yarudi porini. Badala ya majina, zikajengwa sanamu tatu za pamoja, za Nairobi, Mombasa na Dar es Salaam. Hoja ile haikuwa na msingi wowote. Jamii zinazotambika kwenye makaburi ya mababu, zinazompa mtoto jina la babu ili lisipotee, na zinazosoma hitima na kuanua matanga kwa utaratibu, hazikuhitaji kufundishwa na mtu maana ya kaburi.

Tofauti hiyo inaonekana kwa macho katika makaburi ya vita ya Dar es Salaam, yaliyo kando ya barabara inayokwenda Bagamoyo. Ndani ya ua huo kuna ukumbusho wa Waingereza na Wahindi wenye majina zaidi ya 1,500 ya maofisa na askari waliokufa kuanzia Januari 1917 na ambao makaburi yao hayajulikani. Hawa hawakuwa na kaburi, lakini walitafutiwa ukuta na kuandikwa mmoja mmoja. Wahindu na Masingasinga ambao kwa dini zao huchomwa moto nao walipewa sehemu ya kutajwa. Mpagazi wa Kinyamwezi, Kikamba au Kinyasa aliyekufa wiki hiyo hiyo, kwenye kambi hiyo hiyo, alipewa sehemu yake katika sanamu ya mjini. Baadhi ya makaburi ya uwanja huu yaliletwa hapo mwaka 1968, yalipohamishwa kutoka Ocean Road kupisha barabara mpya.

Kwa karibu miaka mia moja jambo hili lilijulikana kwa wanahistoria na kwa koo zilizopoteza watu, basi. Tume, ambayo tangu 1960 inaitwa Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola, iliunda kamati ya kuchunguza rekodi zake baada ya filamu ya televisheni ya mwaka 2019 iliyomwonyesha mbunge wa Uingereza David Lammy akifuatilia makaburi hayo Kenya na Tanzania. Ripoti ilitoka Aprili 2021. Ilieleza kwamba kati ya watu 45,000 na 54,000, wengi wao Waafrika na Waasia, walikumbukwa kwa namna isiyo sawa na wenzao, na kwamba wengine wasiopungua 116,000, pengine hadi 350,000, hawakutajwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Tume iliomba radhi, na Waziri wa Ulinzi wa Uingereza, Ben Wallace, akaomba radhi bungeni.

Desturi ya kusimama kimya kwa ajili ya waliokufa vitani nayo ina mizizi barani Afrika. Cape Town ilikuwa na utaratibu wa kunyamaza kila adhuhuri mwaka 1918, na Percy FitzPatrick, mwanasiasa wa Afrika Kusini aliyefiwa na mwanawe vitani, akapendekeza London iufuate. Tarehe 11 Novemba 1919, saa tano kamili asubuhi, dola nzima ya Uingereza ilinyamaza kwa dakika mbili kwa mara ya kwanza. Hadi leo tarehe hiyo, au Jumapili iliyo karibu nayo, mabalozi na wanajeshi wastaafu hukusanyika kwenye makaburi ya Ngong Road mjini Nairobi na yale ya Dar es Salaam kuweka mashada.

Tanzania huru ilijiwekea siku yake. Siku ya Mashujaa ni tarehe 25 Julai, na utaratibu wake una vitu ambavyo havionekani kwenye mnara wa ukumbusho wa vita wa London. Tarumbeta hupigwa, mizinga hulia, watu wote husimama kimya. Kisha Rais huweka mkuki na ngao penye mnara. Mkuu wa Majeshi ya Ulinzi huweka sime, kiongozi wa mabalozi huweka shada la maua, meya huweka upinde na mshale, na mzee anayewawakilisha wanajeshi wastaafu huweka shoka. Viongozi wa dini hufuata kwa dua na sala. Silaha hizo za jadi zinawaingiza kwenye heshima hiyo watu waliopigana kabla nchi haijawa na jeshi lenye sare: wapiganaji wa Mkwawa, wa Kinjeketile, wa Abushiri. Kwa miaka mingi sherehe ilifanyika viwanja vya Mnazi Mmoja, Dar es Salaam. Mwaka 2016 ilifanyika Dodoma, na ndipo Rais John Magufuli alipotangaza kwamba serikali itahamia huko.

Mwaka 2013 maadhimisho ya kitaifa yalipelekwa Kaboya, wilayani Muleba, mkoani Kagera, walikozikwa askari waliokufa katika vita dhidi ya majeshi ya Idi Amin vya 1978 na 1979. Hapo kila aliyelala ana jina lake, na mama aliyetoka mbali anaweza kwenda moja kwa moja hadi kwa mwanawe. Naliendele, Mtwara, yako makaburi ya Watanzania waliokufa Msumbiji. Huko Songea hali ni ya kati: mashujaa wa vita vya Majimaji walionyongwa na Wajerumani tarehe 27 Februari 1906 wako katika kaburi moja la pamoja, na Nduna Songea Mbano, mmoja wa viongozi wao, ana kaburi lake la peke yake, ambalo inaaminika kichwa chake hakimo kwa kuwa kilichukuliwa. Tarehe 1 Novemba 2023 Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alifika hapo, akaweka ua, akakutana na wazao wa nduna huyo na kuomba msamaha.

Adabu za mahali pa aina hii hazitofautiani sana na za makaburi ya kijijini. Kofia huvuliwa, isipokuwa kwa aliyevaa kofia kwa ajili ya dini au kwa sheria za sare. Saluti ya mkono ni ya mwenye sare. Raia husimama wima, mikono ikiwa imetulia. Mwislamu huwasalimu waliolala na kuwaombea, wala hakai juu ya kaburi wala kulikanyaga. Mpitaji hutembea kwenye nafasi kati ya safu, haegemei jiwe, haweki begi juu yake. Watoto huruhusiwa kusoma majina kwa sauti ya kawaida, na ni vizuri wafanye hivyo. Simu huzimwa mlio. Makaburi mengi ya tume yana kijisanduku ukutani chenye kitabu cha wageni na orodha ya waliozikwa. Kuandika jina na tarehe humsaidia mtunzaji kuonyesha kwamba mahali pake panatembelewa. Bustani ile hutunzwa na vibarua na wafanyakazi wa hapo hapo, na mgeni mwenye adabu huanza kwa kumsalimu aliyeshika fyekeo.

Kazi ya kurudisha majina imeanza. Watafiti wanapekua daftari za zamani za jeshi zilizohifadhiwa Kenya, ambazo zina taarifa za askari wa Keya, jeshi la Waafrika chini ya Waingereza: majina, vijiji na machifu wao. Januari 2025, Cape Town ilizinduliwa kumbukumbu ya Waafrika Kusini weusi 1,772 waliokufa wakihudumia majeshi ya Uingereza katika Vita Kuu ya Kwanza barani Afrika. Kila mmoja amepewa nguzo ya mti wa mvule yenye jina lake. Kwa wapagazi wa Tanganyika na Kenya kazi ni ngumu zaidi, kwa sababu daftari nyingi zilipotea na wengine hawakuandikwa kabisa. Sehemu ya majina hayo bado imo katika masimulizi ya koo za Usukuma, Ukambani, Unyakyusa na kwingineko, ambako wazee wanaweza kumtaja babu aliyeondoka wakati wa vita vya Wajerumani asirudi.