Bei ya Farasi: Hong Kong na Historia ya Kutafuta Thamani

Swali la farasi gani atashinda limewafilisi wabashiri wengi, kwa sababu si swali linaloingiza fedha. Farasi bora uwanjani anaweza kuwa dau baya mno ikiwa kila mtu anajua ubora wake, na farasi wa wastani anaweza kuwa dau zuri ikiwa umma umemdharau kupita kiasi. Thamani iko katika bei. Lakini ili mtu aweze kulipima kosa la bei, lazima kwanza bei iwe ya umma na ionekane na wote, jambo ambalo halikuwapo pale mpokea madau alipojipangia bei zake mwenyewe. Joseph Oller, aliyefanya kazi Paris, alileta utaratibu mwingine katika miaka ya 1860: fedha zote zinaingia mfuko mmoja, makato yanatolewa, kinachobaki wanagawana waliomchagua mshindi. Ufaransa iliuhalalisha kwa sheria ya mwaka 1891, na mwaka 1913 mashine ya George Julius ilianza kujumlisha madau katika uwanja wa Ellerslie, Auckland. Tangu hapo odi, yaani bei ya farasi, ikawa maoni ya umma mzima, yaliyoandikwa kwa fedha.

Tazama hesabu yenyewe. Mfuko una dola 1,000,000, na makato ni asilimia 17.5, kiwango cha Hong Kong kwa dau la mshindi. Zinabaki 825,000. Kama farasi fulani amewekewa 165,000, kila dola moja italipwa tano. Umma, basi, unampa nafasi ya asilimia 16.5. Sasa chukua mbashiri hodari anayejua kwamba nafasi yake halisi ni asilimia 18. Ameona vizuri kuliko watu wote, na bado atapoteza: kwa kila madau mia moja ya dola moja atashinda kumi na manane na kurudisha dola 90. Anahitaji nafasi izidi asilimia 20 ndipo aanze kupata faida. Kuushinda umma ni kazi moja. Kuushinda umma pamoja na makato ni kazi nyingine kabisa, na hapo ndipo wajuzi wengi wa farasi walipoanguka.

Njia za mkato zilitafutwa. Mwaka 1949 mwanasaikolojia Richard Griffith alionyesha kwamba wabashiri wa Marekani huwapa farasi dhaifu fedha nyingi kuliko wanavyostahili na kuwapunja wale wanaopendwa. Ilionekana kama kanuni ya binadamu wote, mpaka mwaka 1988 Kelly Busche na Christopher Hall walipopima Hong Kong wasiikute. Kwa hiyo kila farasi alipaswa kupimwa peke yake. Bill Benter, Mmarekani aliyetoka kuhesabu karata Las Vegas, na Alan Woods wa Australia walihamia Hong Kong katikati ya miaka ya 1980. Mahali palifaa: viwanja viwili tu, Happy Valley na Sha Tin, farasi walewale wakikutana tena na tena, kumbukumbu safi na mifuko minene. Benter aliufuata mfano wa hesabu uliochapishwa na Ruth Bolton na Randall Chapman mwaka 1986, lakini mwanzoni mtaji uliliwa. Mabadiliko makubwa yalikuja alipoacha kuupuuza umma. Aliichukua odi yenyewe, akaichanganya na makadirio yake. Kwangu mimi, huo ndio ugunduzi mkubwa kuliko kompyuta.

Atasema mtu kwamba siri za zizini zinashinda takwimu. Zina nguvu, ndiyo, ila mwenye siri akishaweka fedha zake odi inashuka, na siri yake inakuwa tayari imo ndani ya ile namba ambayo Benter aliiheshimu. Mwingine atasema kufaulu kwa Benter kulikuwa bahati. Ripoti aliyoichapisha mwaka 1994 ina majedwali yanayowapanga farasi kwa makundi ya nafasi walizokadiriwa, kisha yanaonyesha walishinda mara ngapi kweli. Makadirio na matokeo yanakaribiana kundi baada ya kundi. Bahati haipangiki hivyo. Pingamizi zito zaidi ni la haki, na sitaki kulikwepa. Katika mfuko wa pamoja, klabu ya mbio na serikali hupata sehemu yao kwanza, kwa hiyo faida ya Benter ilitoka kwa wabashiri wenzake, wengi wao watu wa kawaida wenye gazeti na kalamu. Anayewaambia vijana kwamba thamani ipo na waende wakaichukue anawaficha nani anayeilipia. Tena pengo kati ya bei na nafasi halisi limezidi kubana: makundi ya wabashiri wanaotumia kompyuta yaliongezeka, na fedha zao nyingi huingia dakika za mwisho kabla malango hayajafunguliwa, hivyo odi aliyoiona mtu wakati wa kulipa dau lake siyo atakayolipwa nayo.